Hita Inapuliza Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hita Dhaifu ya Gari

Kipupwe kikiingia, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ndipo hita inapokumbukwa. Anayeshuka kutoka Kitulo alfajiri na nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi, anayepita Mafinga usiku na basi, anayepanda Limuru au Timboroa ukungu ukiwa umeziba barabara: wote wanageuza swichi ya hita na wengi wanapata upepo wa vuguvugu tu. Kwa magari ya huku kwetu chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya viwili, themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) iliyong'olewa au maji ya bomba yaliyojazwa miaka na miaka. Ndiyo maana ukurasa huu unakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Hita inapata joto wapi?

Kwenye gari la kawaida la petroli au dizeli, joto la hita ni joto lile lile la injini. Maji yanayopoza injini hupita kwenye mpira hadi rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, hewa inapata moto, na maji yanarudi injini kwa mpira wa pili.

Kwa hiyo hita inataka mambo manne: maji yawe ya moto, yawe yanatembea, rejeta ndogo iwe wazi, na hewa ipite juu yake. Hita dhaifu imekosa mojawapo. Mawili ya kwanza yanahusu afya ya injini pia, kwa hiyo usichukulie hita kama anasa ya kutengenezwa siku pesa ikizidi.

Nianzie wapi kabla ya kwenda gereji?

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Usiridhike na kutazama rizeva ya plastiki peke yake. Kifuniko cha rejeta kikichoka mpira wake, rizeva inabaki imejaa huku rejeta yenyewe ina upungufu, kwa sababu injini ikipoa inashindwa kuyavuta maji yarudi. Fungua kifuniko, maji yaonekane shingoni. Injini ikiwa ya moto usikiguse: maji yaliyo chini ya shinikizo yanaruka na kuunguza uso na mikono.

Kisha endesha dakika 15 barabarani. Kuungurumisha gari limesimama hakutoshi, hasa kwa dizeli, ambayo ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inachelewa mno kupata joto. Weka hita mwisho wa moto, feni namba mbili. Fungua boneti utafute mipira miwili ya unene wa kidole gumba inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Iguse kwa uangalifu, mikono mbali na feni na mkanda.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa sekunde tatu, maji yako ni mazima. Tatizo liko ndani ya kabini, upande wa hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi au vuguvugu, maji hayapiti: rejeta ndogo imeziba, kuna hewa imekwama, au koki ya hita haifunguki. Yote miwili ikiwa vuguvugu, injini yenyewe haifiki joto lake, au maji yamepungua.

Ukiwa na kipimajoto cha kulenga kwa mbali, pima juu ya mpira mweusi na si kwenye bomba linalong'aa, maana chuma king'aacho kinadanganya kipimo. Mpira wa kuingiza kwa kawaida unasoma nyuzi 80 hadi 90, na wa kurudisha pungufu kwa kumi hivi. Tofauti ikipita nyuzi 25, maji yanapita kwa shida. Kwenye tundu la katikati la dashibodi, hita nzima inatoa hewa ya nyuzi 50 na kuendelea hata nje kukiwa na baridi ya nyuzi 10.

Fundi alitoa themostati akasema nchi za joto haihitajiki. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huu umeharibu injini nyingi. Kazi ya themostati ni kufunga njia ya kwenda rejeta kubwa hadi injini ifike joto lake, kisha kufungua kiasi kinachohitajika. Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta kubwa tangu unapowasha. Kwenye mteremko au asubuhi ya baridi injini inaweza kukaa nyuzi 55 au 60 safari nzima, na hita inapata hayo hayo.

Hasara haiishii kwenye hita. Kompyuta ya injini ikiona maji ya baridi inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza gari limewashwa. Petroli ya ziada inateremka kwenye oili na kuipunguza uzito. Unyevu haukauki ndani ya injini, oili inageuka tope, na chini ya kifuniko cha oili unaona utando wa rangi ya maziwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Themostati za injini nyingi zina kisahani cha pili kwa chini. Injini ikipata moto, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita rejeta. Ukiitoa themostati ya namna hiyo, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupoa, na gari linaweza kuchemsha kwenye mlima mrefu. Aliyeitoa ili gari lisichemshe anakuwa amelisaidia lichemshe.

Kama gari lilichemsha na themostati ikatolewa, chanzo cha kuchemsha bado kipo: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko kilichochoka, pampu au gasketi. Tafuta hicho, kisha rudisha themostati.

Nitajuaje kama themostati haipo au imekwama wazi?

Usitegemee geji ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya sasa mshale umepangwa ukae katikati kwa masafa mapana ya joto, ili dereva asihangaike. Magari madogo kama Vitz na Passo mengi hayana geji. Yana taa ya bluu inayozimika injini ikianza kupata joto. Ikikaa muda mrefu kila asubuhi, au ikawaka tena ukiteremka mlima, hiyo ni dalili nzuri ya themostati.

Njia ya uhakika ni skana ya OBD, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu. Soma joto la maji ukiwa barabarani. Injini nzima inapanda bila kusita hadi karibu na namba ya themostati yake, kisha inatulia hapo. Ikipanda hadi 65, ukiteremka ikashuka 58, jibu umelipata. Msimbo P0128 una maana hiyo hiyo: maji hayafiki joto linalotakiwa.

Bila skana, washa gari la baridi na ushike mpira mkubwa wa rejeta unaoondoka upande wa juu wa injini. Ukianza kupata joto pole pole tangu dakika za mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo. Unatakiwa ubaki wa baridi muda mrefu, kisha upate moto kwa ghafla. (Kwenye injini ambazo themostati iko upande wa chini, soma mpira wa chini badala yake.)

Themostati inapimwaje nje ya gari?

Kwa sufuria ya maji na kipimajoto. Namba iliyogongwa kwenye chuma chake, tuseme 82, ni joto la kuanza kufunguka. Bana kipande cha uzi kwenye mdomo wa vali, iache ining'inie kwa uzi huo ndani ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, upashe moto taratibu huku ukikoroga. Vali ikianza kufunguka uzi unachomoka na themostati inaanguka. Soma kipimajoto wakati huo huo. Kukosea kwa nyuzi mbili au tatu si tatizo.

Miongozo mingi inataka pia vali iwe imefunguka angalau milimita 8 kwenye nyuzi 95. Hapa watu wa nyanda za juu wajihadhari. Njombe, kwenye mita kama 2,000, maji yanachemka karibu na nyuzi 93. Nairobi ni kama 94. Huwezi kufika 95 kwenye sufuria iliyo wazi. Usiitupe themostati nzima kwa sababu haikufunguka hadi mwisho mahali ambapo maji hayawezi kufika joto hilo.

Ukifunga mpya, angalia kipini kidogo kinachochezacheza pembeni yake. Hicho ni cha kupitisha hewa, na kwa kawaida kinakaa juu kabisa. Kikikaa chini, hewa inanaswa nyuma ya themostati na utahangaika kuitoa. Weka mpira mpya wa kuzibia, na themostati ya namba iliyotajwa kwenye mwongozo wa injini yako. Ya namba ndogo zaidi inayouzwa kwa sifa ya kupoza inakupa hita dhaifu kwa hiari yako.

Nasikia maji yanachuruzika nyuma ya dashibodi. Ni nini?

Hewa. Mfumo una upungufu wa maji au haukutolewa hewa vizuri baada ya matengenezo. Rejeta ya hita mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingine, na hewa hupenda kwenda juu. Dalili yake nyingine ni joto linalokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia.

Kuitoa kunataka subira tu. Gari likiwa la baridi, liegeshe pua ikitazama juu ya mwinuko, au inua mbele kwa jeki na kuweka stendi imara, ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kabisa. Fungua kifuniko, weka hita mwisho wa moto, jaza polepole. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta au kwenye bomba la hita, ilegeze hadi maji yatoke bila mapovu, kisha ikaze. Subaru nyingi zinayo kwenye pembe ya juu ya rejeta, na watu wanaisahau. Washa injini, iache sailensa, ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza. Themostati ikifunguka maji yatashuka tena ghafla, ongeza tena. Funga kifuniko kabla maji hayajaanza kufurika, pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika moja, mara tatu hivi, na uone kama tundu la hewa linatoa moto. Kesho yake, gari likiwa limepoa, angalia kiwango upya.

Mapovu yakiendelea bila kikomo, acha kujaza. Huenda gesi ya mwako inavuja kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo utaona pia mpira wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari la baridi, na maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja. Fundi mwenye kifaa cha dawa ya bluu ataiweka juu ya shingo ya rejeta. Ikigeuka njano kwa injini ya petroli, gasketi imekwenda. Usiendelee kutembelea gari hilo ukitumaini litapona.

Joto lipo nikiendesha, nikisimama kwenye foleni linakata.

Angalia maji na hewa kwanza, kama ilivyoelezwa. Yakiwa sawa, shuku pampu ya maji. Mapanga yake ya kusukumia maji huliwa na kutu mtu akitumia maji matupu, na kwa mzunguko mdogo haina nguvu ya kusukuma hadi kwenye hita. Mkanda unaoteleza unaleta hali hiyo hiyo.

Rejeta ya hita imeziba. Inaweza kusafishwa bila kushusha dashibodi?

Mara nyingi ndiyo, na inafaa ujaribu kabla ya kukubali kushusha dashibodi, kazi inayoweza kula siku nzima au mbili na kuacha plastiki zinazopiga kelele.

Injini ikiwa ya baridi, tia alama mpira wa kuingiza na wa kurudisha. Legeza klipu, sogeza mpira. Ukiwa umeganda usiupinde kwa nguvu, maana bomba la rejeta ndogo ni jembamba na likipinda au kupasuka, dashibodi inashuka tu. Pasua mpira kwa urefu kwa wembe, ununue mpya. Kwenye Land Cruiser za 80 na 100 kuna viungo vya plastiki vya umbo la T karibu na ukuta huo. Vikizeeka vinavunjika ukivigusa, kwa hiyo uwe navyo vipya mkononi kabla ya kuanza.

Unganisha mpira wa maji kwenye bomba la kurudisha, ili uchafu usukumwe kinyume na njia ulikoingilia. Weka mdomo wa bomba jingine kwenye ndoo nyeupe uone kinachotoka. Fungua maji kidogo kidogo. Presha ya bomba la mjini ikifunguliwa yote, au upepo wa kompresa, unaweza kupasua mirija yake. Utaona maji ya rangi ya chai, chembe za kutu, vipande vya silikoni ya gasketi, na mara nyingi mabaki ya dawa ya kuziba rejeta, bizari au yai ambavyo mtu aliwahi kuweka ili kuzuia uvujaji. Vitu hivyo havichagui tundu: vinaziba pia mirija myembamba ya hita.

Badilisha upande, rudia, hadi mkondo unaotoka ulingane kwa nguvu na unaoingia. Kama bado ni mdogo, jaza rejeta ndogo siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, iache nusu saa, suuza kwa maji mengi. Usitumie tindikali ya betri wala magadi ya kuzibulia choo. Rejeta hizi nyingi ni za alumini, na magadi yanaila mpaka itoboke.

Ikiwa hita imeziba, rejeta kubwa na injini navyo vina uchafu huo huo. Safisha mfumo wote siku hiyo hiyo, la sivyo utarudi mwezi ujao.

Niweke maji gani?

Kulanti ya aina inayotajwa na mtengenezaji wa gari lako. Soma lebo: kuna iliyokwisha kuchanganywa, kama ya pinki ya Toyota, ambayo haiongezwi maji, na kuna ya kuchanganya mwenyewe, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Ukinunua maji ya betri kwa kazi hii, hakikisha ni yale yasiyo na tindikali. Gari dogo la injini ya lita 1.3 hadi 1.5 huchukua kama lita 5. Van yenye hita ya nyuma huchukua zaidi sana.

Wengi huuliza: kama barafu haipo Dar es Salaam, kulanti ya nini? Ni kwa ajili ya dawa ya kuzuia kutu iliyomo. Maji ya kisima au ya bomba yana chumvi na oksijeni. Chumvi inaganda kwenye mirija, oksijeni inakula chuma. Kwa walio Minnesota au Uswidi, mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na maji matupu huko yanapasua injini usiku mmoja.

Usichanganye rangi ovyo. Na usimwage chini: kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu, mbwa na watoto wanaweza kuionja.

Mipira yote miwili inachoma, lakini hewa ni baridi.

Ndani ya boksi la hita kuna kilango kinachochagua hewa ipite kwenye rejeta ndogo au iikwepe. Kwenye gari la kuzungusha kitufe kwa mkono, kilango kinavutwa na kebo. Lala chini ya dashibodi na tochi, mwenzako azungushe kitufe toka baridi hadi moto. Mkono wa kilango usipotembea mwendo wote, kebo imechomoka kwenye klipu au imelegea. Kuirudisha ni kazi ya dakika kumi.

Kwenye hita ya kidijitali kilango kinaendeshwa na mota ndogo. Ukisikia tik-tik-tik nyuma ya dashibodi kila unapowasha gari, meno ya gia yake ya plastiki yamekatika. Badilisha mota, rejeta haina kosa.

Upepo wenyewe ni mdogo.

Filta ya kabini. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria: kiminye pande mbili kishuke, vuta kifuniko chembamba, filta hiyo. Kwa barabara za vumbi ikague kila kilomita 5,000. Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu, rezista yake (kifaa kinachopunguza kasi ya feni) imeungua. Kagua na plagi, kwani mara nyingi imeyeyuka kwa joto, na rezista mpya kwenye plagi iliyoungua haitadumu.

Zulia la abiria limelowa na kuna harufu tamu.

Rejeta ya hita inavuja. Kioo cha mbele nacho kitakuwa na utando wa mafuta usiofutika vizuri. Tofautisha na maji ya AC, ambayo hayana rangi, harufu wala utelezi. Rejeta iliyotoboka inabadilishwa. Dawa ya kuziba itakurudisha kwenye swali la kuziba hapo juu.

Hita inafanya kazi lakini kioo kinajaa ukungu.

Zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ingiza hewa ya nje, elekeza upepo kwenye kioo, na washa AC pamoja na hita. Watu wanaona ajabu, lakini AC inakausha hewa na hita inaipasha. Zikifanya kazi pamoja kioo kinasafika haraka kuliko kwa hita peke yake.

Gari langu ni haibridi.

Injini ikizimika maji yanaanza kupoa, kwa hiyo ukiwa na hita kompyuta huiwasha injini mara kwa mara. Hiyo si hitilafu. Prius ya kuanzia 2009 na Aqua zina pampu ya maji ya umeme isiyo na mkanda. Hita ikikata ghafla na taa ya onyo ikawaka, soma misimbo upesi, kwa sababu pampu hiyo ndiyo inayopoza injini.

Tumekwama usiku mlimani, hita haifanyi kazi. Tunaweza kuwasha jiko la mkaa ndani?

Hapana, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Injini ikiunguruma ndani ya gereji iliyofungwa ni hatari ile ile.

Nimenunua gari nikakuta mipira ya hita imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe.

Aliyekuwa nalo alikwepa rejeta iliyovuja au kuziba. Muuza anaweza kusema ni jambo dogo, lakini huwezi kujua ni lipi kati ya hayo hadi upime. Mwaga maji kidogo kwenye kikombe cheupe uone rangi yake. Kisha jaza maji safi kwenye bomba moja la rejeta ndogo, ukiwa umeziba la pili, na uyaache usiku kucha, zulia likiwa limefunuliwa na gazeti limetandikwa chini yake. Asubuhi kiwango kikiwa pale pale na gazeti likiwa kavu, haivuji: isafishe kwa kinyume, irudishe na mipira mipya na klipu mpya. Kiwango kikiwa kimeshuka, agiza rejeta ndogo kabla ya dashibodi kuguswa, na uilinganishe na ya zamani kabla ya chochote kurudishwa mahali pake, kwa sababu gari la jina moja huwa na mabomba yaliyopinda tofauti kulingana na mwaka.